Kile Kilichotolewa Tumboni Kimeenda Wapi?

Hotuba kwa wahudumu wa afya ya jamii na vikundi vya akina mama, Kisumu. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Oyawore! Mulembe! Hamjambo nyote?

Naona waliotoka Ahero na Maseno wamefika kabla ya watu wa Kondele. Halinishangazi. Anayekaa karibu ndiye huchelewa.

Wazee wetu, wahudumu wa afya ya jamii, mama zangu wa vikundi, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti, asanteni. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie saratani. Nikamwambia, mama, nitaizungumzia, lakini nitapitia mlango wa nyuma. Leo nimewaletea ugonjwa ambao si saratani: vifuko vya maji vinavyoota kwenye utando wa tumbo. Mtu akiambiwa ni saratani, unamtesa. Akiambiwa si kitu, unamtesa vilevile.

Mimi si daktari. Mimi ni muuguzi wa theta, yaani chumba cha upasuaji. Kazi yangu ni kumpa daktari mkasi kabla hajauomba, kuhesabu vitambaa kabla tumbo halijafungwa, na kupokea kila kinachotolewa ndani ya mtu. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Ndani ya tumbo kuna utando. Ukishapita ngozi, mafuta na misuli, unaukuta: mwembamba, unang'aa, una unyevu. Umefunika ukuta wa tumbo kwa ndani, ukageuka ukafunika ini, utumbo, kizazi na kibofu. Madaktari huuita peritoniamu. Ukikunjuliwa wote, eneo lake linakaribia lile la ngozi ya mwili mzima. Hutoa majimaji kidogo ili viungo viteleze vinaposuguana, kisha huyanyonya tena. Unatoa, unanyonya, usiku na mchana, na mwenye nao hajui.

Kwa watu wachache, seli za utando huu huanza kujenga vifuko. Ukuta wa kifuko ni mwembamba sana, na ndani mna maji maangavu. Wengine wana vichache, wengine wana vingi visivyohesabika. Mmewahi kuona mayai ya chura kwenye majani ya kando ya ziwa, mvua ikishanyesha? Hivyo ndivyo vinavyoonekana tumbo likifunguliwa, vimeshikana na kujazana hasa chini kwenye nyonga, nyuma ya kizazi na kuzunguka ovari.

Sitawadanganya kwamba mtaukuta ugonjwa huu kila kijiji. Wagonjwa walioandikwa kwenye majarida ya udaktari ulimwenguni ni mia chache tu. Katika kila 10, karibu 8 ni wanawake, na wengi wako katika umri wa kuzaa. Wanaume pia huupata, kwa hivyo msiende kusema sista alisema ni ugonjwa wa akina mama. Chanzo? Wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema utando umejeruhiwa, kwa upasuaji wa zamani, kwa maambukizi ya nyonga au kwa endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake, nao ukaanza kujifungia maji. Wapo wanaosema huu ni uvimbe kamili, kwa sababu huota tena baada ya kukatwa, na huwapata hata watu ambao hawajawahi kuguswa na kisu.

Mtaniuliza, sista, ugonjwa wa watu mia chache unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu mgonjwa wake hupita njia ileile anayopita kila mwenye tumbo lililovimba hapa kwetu, ila yeye huanguka katika kila shimo lililo njiani.

Nianze na shimo la kwanza, la kupewa jina haraka.

Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki. Alikuwa na watoto watatu, na wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji. Tumbo likaanza kujaa polepole. Nguo zikambana kiunoni lakini mashavu yakawa yanakonda. Majirani wakampa hongera ya mimba. Miezi ikapita, mimba haijulikani inaenda wapi, shemeji akasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Duka la dawa likampa dawa ya minyoo, akirudi akapewa ya gesi. Mwishowe akapigwa altrasaundi kwenye kliniki ya mtaani, karatasi ikasema ana uvimbe wa ovari. Akapimwa damu, kipimo kinachoitwa CA-125, nacho kikatoka juu kidogo. Mtu mmoja, nani sijui, akamvuta mume kando kwenye korido akamnong'oneza: ni saratani.

Neno hilo mnalijua linavyokimbia. Kufikia jioni grupu la WhatsApp lilikuwa limefunguliwa, mweka hazina amechaguliwa, na namba ya kutumia michango ya M-Pesa imewekwa. Jumapili harambee. Ng'ombe mmoja akauzwa. Watoto wakaanza kugawanywa kwa mashangazi, mama yao akiwa hai, amekaa hapo hapo, anasikia nani atamchukua nani.

Nawauliza: kufikia hapo, nani alikuwa ameziona seli?

Hakuna! Jirani hakuziona. Shemeji hakuziona. Mashine ya altrasaundi nayo haikuziona. Altrasaundi huonyesha kwamba kuna maji, kuna vifuko, kuta zake ni nyembamba au nene. Inasaidia sana, tena haina miale, na ndiyo ya kuanza nayo. CT skani au MRI huonyesha vizuri zaidi vifuko vimekaa wapi, na kama ovari yenyewe ni nzima imezungukwa tu. Lakini picha ni picha. Na hiyo CA-125 hupanda kwa saratani ya ovari, ndiyo, na hupanda pia kwa endometriosisi, kwa kifua kikuu cha tumbo, kwa mimba changa, hata siku za hedhi. Utando wowote uliokasirika unaweza kuipandisha. Mkiona namba hiyo imezungushiwa kalamu nyekundu, msianze kuchanga pesa za mazishi.

Wahudumu wa afya, nawaomba hapa msikilize kwa makini, kwa sababu nyinyi ndio mnaofika kwenye nyumba kwanza. Tumbo kujaa kando ya ziwa hili kuna sababu nyingi zinazotangulia ugonjwa wangu huu. Kuna kichocho cha matumbo, ambacho huharibu ini taratibu hadi maji yakajaa. Wavuvi wetu wanakijua. Kuna kifua kikuu cha tumbo, ambacho huponywa kwa vidonge vya miezi 6. Kuna saratani ya ovari yenyewe, na hiyo haisubiri. Kuna mimba, tusiisahau. Na akija mtu aliyelelewa Turkana, au popote palipo na mbwa na mifugo pamoja, kuna vifuko vya tegu wa mbwa. Vifuko hivyo kwenye picha vinaweza kufanana na hivi ninavyowaeleza, na vikitobolewa ovyo kwa sindano, maji yake yanaweza kumuua mtu pale pale mezani au kusambaza ugonjwa tumbo zima. Ndiyo maana mtu asikubali kutolewa maji tumboni kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa. Apelekwe kwa rufaa, apigwe picha kwanza.

Mama yule wa samaki alifunguliwa tumbo. Ovari zilikuwa nzima. Vifuko vilikuwa vyake peke yake, juu ya utando. Vikatolewa vyote vilivyoonekana, kipande kikaenda maabara, na jibu likarudi kwamba si saratani. Ng'ombe hakurudi.

Sasa nifike kwenye jambo langu hasa. Kile kilichotolewa tumboni kimeenda wapi?

Mnapokaa nje ya theta mkisubiri, na daktari akitoka akivua kofia, huwa mnamuuliza nini? Mnamuuliza, amepona? Ameamka? Tunaweza kumwona? Ni maswali mazuri. Lakini nimekaa kwenye kazi hii sana, na waliowahi kuuliza kipande kimeenda wapi ni wachache mno. Wengi hudhani kikishatoka ni taka.

Acheni niwaeleze kinachofanyika, au kinachopaswa kufanyika. Daktari ananipa kipande. Mimi nakiweka kwenye chupa ya mdomo mpana, isiyobana, yenye formalini, dawa ya kuhifadhi kipande kisioze, ya asilimia 10. Formalini inapaswa kuwa nyingi, mara 10 ya ukubwa wa kipande, ili iingie hadi ndani. Kipande kikisongwa kwenye kachupa kadogo, nje kinahifadhika na ndani kinaoza. Kisha naandika jina la mgonjwa, namba yake, kimetoka sehemu gani ya mwili, tarehe. Naandika kwenye chupa yenyewe. Siandiki kwenye kifuniko! Chupa 3 zikifunguliwa pamoja maabara, vifuniko vikabadilishana, mama wa Nyalenda anaweza kupewa jibu la mzee wa Siaya.

Halafu kuna fomu. Fomu ile daktari akiiandika kwa haraka, "uvimbe, tumbo", maabara inafanya kazi gizani. Akiandika mwanamke, umri fulani, alishawahi kujifungua kwa upasuaji, vifuko vingi vya maji juu ya utando, ovari ni nzima, basi anayekaa kwenye hadubini anajua anatafuta nini.

Na hapo kwenye hadubini ndipo kila kitu huamuliwa. Kwa ugonjwa huu ukuta wa kifuko umepangwa seli za utando kwa safu moja, tambarare au zenye umbo la mchemraba, zimetulia, hazivamii pembeni. Ila kuna uvimbe mwingine wa mishipa ya limfu unaofanana nao kabisa kwa macho. Mwaka 1979 madaktari wawili, Mennemeyer na Smith, waliandika kuhusu mgonjwa ambaye vifuko vyake vilifanana na huo wa limfu. Walizichunguza seli zake kwa hadubini ya elektroni, na ndipo ikajulikana zimetoka kwenye utando wa tumbo. Siku hizi maabara kubwa hutumia rangi maalum. Ile inayotafuta protini iitwayo kalretinini huzishika seli za utando. Ile ya CD31, protini nyingine, huzishika za mishipa. Ikishika ya kwanza na isishike ya pili, mjadala umekwisha. Si kila maabara ya kaunti ina rangi hizo, kwa hivyo wakati mwingine kipande hulazimika kusafiri, na jibu huchukua majuma. Kungojea kunachosha, lakini ngojeni.

Nyote mnajua namna kinavyosafiri. Mara nyingi hospitali inampa mtu wa nyumbani chupa na kumwambia, peleka maabara fulani. Sisi wauguzi hatuwaelezi vya kutosha, niseme ukweli. Kijana anaingia nayo kwenye matatu, ameifunga kwenye karatasi ya nailoni, hajui amebeba nini.

Dada mmoja alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja, sitaitaja. Mumewe akapewa kipande kwenye chupa ya maji ya dripu, kwa sababu formalini ilikuwa imeisha. Ilikuwa Ijumaa jioni. Maabara imefungwa. Akafikiria kama mtu mwenye akili: kitu cha nyama kisioze, akakiweka kwenye friza ya jirani, juu ya omena. Jumatatu hana nauli, Jumatano ana kibarua. Mwishowe mwenye friza akauliza kuna nini kwenye ile chupa, akaambiwa, akaitupa siku hiyo hiyo. Na mimi simlaumu mwenye friza.

Yule dada alipona kidonda, akaendelea na maisha. Miaka ikapita, maumivu yakarudi, tumbo likaanza tena. Akaja kwetu. Daktari anamuuliza, mara ya kwanza ulitolewa nini? Anasema, uvimbe. Uvimbe gani? Sijui. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali iko wapi? Ililoa nyumba ilipovuja. Ikabidi kuanza kubahatisha upya. Je, hii ni saratani iliyoachwa? Ni ovari? Ni kitu kipya? Kama kile kipande cha kwanza kingesomwa, tungejua kabla ya kushika kisu kwamba hivi ni vifuko vya utando vinavyopenda kurudi, na daktari angejipanga kwa upasuaji mrefu, sio wa haraka haraka.

Barafu huharibu seli. Maji matupu huharibu seli. Mkipewa chupa, ulizeni: hii ni formalini? Ikiwa ni ndiyo, haihitaji friji, haihitaji jua, inahitaji kifuniko kilichokazwa na mtu wa kuifikisha. Kisha ulizeni jibu linatoka lini na nani atalisoma nanyi. Jibu likitoka, lipigeni picha kwa simu, mtumieni mtoto aliye Nairobi, mtumieni shangazi. Karatasi hulowa.

Kuna jambo dogo kwenye jibu hilo niwaonye mapema. Baadhi ya majibu huuita ugonjwa huu mesotelioma ya vifuko vingi isiyo saratani. Kijana wenu ataingia kwenye intaneti, ataandika mesotelioma peke yake, na atakutana na ile saratani mbaya ya watu waliovuta vumbi la asbestosi, ya mapaa ya zamani. Huu si ule. Uhusiano wake na asbestosi haujathibitishwa, na visa vya kugeuka saratani vilivyoandikwa ni vya kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana madaktari wengine sasa wanapendelea kuuita vifuko vya utando na kuliacha lile jina la kutisha. Mimi nawaunga mkono.

Matibabu. Hapa sitakaa sana, kwa sababu kila tumbo lina daktari wake.

Tiba inayotegemewa zaidi ni kutoa vifuko vyote vinavyoonekana, bila kuacha. Daktari akitoa nusu kwa sababu alijiandaa kwa uvimbe mmoja tu wa ovari, vilivyobaki vinaendelea. Na hata vikitolewa vyote, vinaweza kurudi. Katika taarifa zilizoandikwa, vimerudi kwa karibu nusu ya wanawake na theluthi moja ya wanaume. Kuvuta maji kwa sindano hupunguza maumivu kwa muda tu, kisha vifuko hujaa tena. Wako wanaopewa dawa za homoni, kama tamoksifeni au sindano za kupumzisha ovari. Wengine huwasaidia, wengine hapana. Kwa vile vinavyorudi rudi, vituo vichache ulimwenguni hufanya upasuaji mkubwa wa kuondoa utando ulioathirika na kuosha tumbo kwa dawa ya moto wa nyuzi 41 hadi 43. Ni kazi ya saa nyingi, ina hatari zake, na kwa ugonjwa ambao si saratani, mtu afikiri mara mbili. Dripu za kawaida za saratani na miale hazina kazi hapa. Na kama vifuko ni vidogo, haviumi, na jibu la maabara limethibitika, mtu anaweza kuachwa aangaliwe kwa altrasaundi. Kuachwa aangaliwe ni matibabu pia, ingawa watu wetu wakitoka hospitali bila dawa hudhani wamefukuzwa.

Kuna msichana mmoja aliyenifunza kitu. Hakuwa na mtoto. Picha ilitisha, na shangazi yake akasimama kidete: watoe kizazi, watoe ovari, watoe vyote, mtoto wetu aishi. Shangazi alisema kwa mapenzi. Lakini mwanamke akitolewa ovari zote mbili akiwa kijana, hedhi inakoma ghafla, mifupa inaanza kudhoofika mapema, moyo pia uko hatarini, na uzazi umekwisha. Daktari akamwambia shangazi, mimi nitatoa vifuko na kipande cha kupima, ovari nitaziacha, kisha tusubiri maabara. Maabara ikisema saratani, tutarudi pamoja. Shangazi akaondoka amenuna. Maabara haikusema saratani. Msichana huyo leo ana mtoto, na ana vifuko vidogo viwili vimerudi, anavijua, daktari wake anavijua, kila akija kliniki vinapimwa, na anaenda zake kazini.

Mama zangu, kabla ya kuweka sahihi kwenye ile karatasi ya ridhaa, una haki ya kuuliza: mnatoa nini, mnaacha nini, na kwa nini? Daktari mzuri hakasiriki. Akikasirika, tafuta maoni ya pili, hasa kama hali si ya dharura. Na ukishakuwa na ugonjwa wa nadra, usione haya kuomba rufaa hadi hospitali kubwa, iwe hapa Jaramogi, ambayo wengi wenu bado mnaiita Russia, au Moi kule Eldoret. Kabla ya kwenda, hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa na uulize kinacholipwa na kisicholipwa, usije ukajua mlangoni.

Wahudumu wa afya, mkirudi vijijini juma lijalo, mkutane na mtu mwenye kovu la upasuaji tumboni, muulizeni hilo swali. Ulitolewa nini, na karatasi iko wapi? Wengine hospitali bado ina majibu yao kwenye faili, hawajawahi kwenda kuyachukua.

Nimemaliza ya kwangu. Kuna mama pale nyuma, mwenye leso ya bluu, ameinua mkono tangu nilipotaja homoni. Mpeni kipaza sauti.